Kujifunza Kuvaa Kike Mlango Ukiwa Umefungwa

Nimevaa kike tangu ujana, na kwa miaka mingi nilivaa mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo na pazia limeshushwa. Wanaume wengi wenye hali kama yangu huanza hivyo. Mimi ni mwanamume, naishi kama mwanamume, nina mke, na kuna nyakati navaa gauni, najipaka vipodozi na kutulia katika sura hiyo nyingine. Wapo wanaovaa hivi kwa sababu nafsini mwao ni wanawake na maisha yao yote yanaelekea huko. Mimi si mmoja wao, ingawa tunakutana kwenye vikwazo vilevile vya ndevu, sauti na viatu. Nataka kuvieleza vikwazo hivyo nilivyovijua mwilini mwangu, pamoja na jambo ambalo kwa maoni yangu huvifanya vyote kuwa vigumu maradufu, yaani upweke.

Msichana hujifunza mambo haya akiwa katikati ya watu. Dada yake anamwambia poda imezidi, shangazi anamshusha sketi, rafiki anamwonyesha namna ya kubana nywele. Akifika utu uzima ameshasahihishwa mara zisizohesabika, na nyingi hazikumbuki tena. Mwanamume anayeanza akiwa na miaka thelathini au hamsini hana hata mmoja wa watu hao. Ana kioo tu. Na kioo, nimekuja kuamini, ni mwalimu dhaifu. Kinakuonyesha uso kwa mbele, ukiwa umeshajipanga, chini ya taa uliyoichagua mwenyewe. Hakikuonyeshi unavyoinuka kwenye kiti.

Nianze na ndevu, maana hizo ndizo zinazowakatisha tamaa wengi. Hata ukinyoa mpaka ngozi iteleze, kivuli kinabaki. Shina la unywele bado limo ndani ya ngozi, jeusi, na weusi huo ukionekana kupitia ngozi unaleta rangi ya bluu ya kijivu kuzunguka mdomo na kidevu. Mtu akikiona kivuli anaongeza fandesheni, kivuli kinapenya, anaongeza tena, hadi uso unakuwa mzito kama ukuta uliopigwa lipu na kivuli bado kipo palepale. Kinachohitajika hapo ni rangi ya kukizima. Bluu huzimwa na rangi ya chungwa, iliyo mkabala nayo kwenye duara la rangi. Unapaka safu nyembamba ya konsila (krimu nzito ya kufichia madoa) ya chungwa sehemu ya ndevu peke yake, unaigongagonga kwa sponji bila kuiburuta, unaweka poda kidogo ishike, ndipo fandesheni ya rangi ya ngozi yako inafuata. Ngozi nyeupe inatosheka na chungwa iliyopauka, ya maji ya kunde inataka iliyokolea, na nyeusi inataka inayoelekea wekundu.

Haya niliyapata kwa dada yangu mdogo. Nilipomfungulia siri yangu alikaa kimya, kisha akauliza maswali mengi, mengine magumu. Siku aliyokubali kuniona nimevaa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniketisha karibu na dirisha.

"Kaka, huku ndiko watu watakakokuona," aliniambia. "Si chini ya taa ya bafuni."

Akanishika kidevu, akaugeuza uso kushoto, akaugeuza kulia. Akafuta vipodozi vya upande mmoja wote na kuuacha wa pili kama nilivyoupaka mwenyewe. Upande ule akaanza upya taratibu, akibonyeza kwa ncha ya sponji, hasa juu ya mdomo na kwenye pembe zake, ambako ngozi inakunjamana ukizungumza na vipodozi vinapasuka. Alipomaliza akanipa kioo cha mkononi, akaniambia nizungumze chochote huku nikijitazama. Nusu moja ya uso ilikuwa imetulia. Nyingine ilikuwa imeshaanza kufanya mistari. Miaka yote niliyosimama mbele ya kioo peke yangu haikuwahi kunionyesha tofauti ile.

Kunyoa kwenyewe kunahitaji subira. Uso ulowe kwanza kwa maji ya vuguvugu, wembe uwe mpya, na upite kwa kufuata nywele zinavyolala kabla hujafikiria kwenda kinyume. Kwa wenye nywele za kujikunja, unywele uliokatwa chini sana hujirudi na kuota ndani ya ngozi, halafu vinatokea vipele vinavyouma. Mtu wa namna hiyo ni heri abaki na kivuli kidogo, kwa sababu kivuli kinafunikika na uvimbe haufunikiki. Tena nyoa mapema, ngozi ipate saa moja au zaidi ya kupoa kabla hujaipaka kitu.

Wanaotaka kuachana na ndevu kabisa wana njia mbili zinazojulikana. Leza, yaani mwali wa mwanga mkali, hulenga weusi wa unywele, kwa hiyo haisaidii kwenye mvi, na mashine isiyofaa inaweza kuunguza ngozi nyeusi. Kwa ngozi ya namna hiyo, iliyo salama zaidi ni aina ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064. Njia ya pili ni elektrolisisi, sindano nyembamba ya umeme inayoua shina moja baada ya jingine bila kujali rangi. Ilianza mwaka 1875 kwa Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis huko Marekani, aliyekuwa akiwaondolea wagonjwa kope zilizoota kuelekea jichoni. Ni kazi ya miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, na inauma. Mimi sikuichagua. Mwanamume anayevaa kike mara mojamoja afikiri sana kabla ya kuondoa kitu ambacho hakitarudi.

Kwenye nguo, kikwazo cha kwanza ni kwamba wanaume wengi hatujui vipimo vyetu. Tunajua kiuno cha suruali, basi. Chukua utepe upime kifua, kiuno kwenye sehemu nyembamba kuliko zote, na nyonga kwenye sehemu pana kuliko zote, uviandike. Namba ya lebo usiiamini, kwani kila mtengenezaji ana yake. Na hata vipimo vikikubali, gauni lililokatwa kiunoni mara nyingi litakaa juu ya kiuno chako, maana kiwiliwili cha mwanamume huwa kirefu zaidi. Ndiyo maana kwa anayeanza napendelea blauzi na sketi kuliko gauni. Kila kimoja kinakaa mahali pake bila kumsubiri mwenzake.

Mabega hayapunguzwi, lakini jicho la mtazamaji linaweza kuongozwa. Shingo iliyokatwa kwa umbo la V hulivuta jicho chini, mkono ulioshonwa kwa mshazari kutoka shingoni huyavunja mabega, na sketi inayopanuka kuanzia kiunoni huwapa mabega mwenzao huko chini. Mikono iliyofura mabegani iache. Kwa kifua, matiti ya silikoni yana uzito na hucheza na mwili, ila chagua madogo kuliko yale moyo unayoyataka. Kifua kikubwa juu ya nyonga nyembamba ndicho watu wanachokiona kabla hawajauona uso. Sponji za nyonga zikivaliwa chini ya soksi nzito za kubana zinasaidia sana, na zinastahili kupewa nafasi mapema kuliko wengi wanavyozipa.

Kuna jambo la umri ambalo nalisema kwa upole. Wengi wetu, tukipata nafasi ya kuvaa, tunavaa kama msichana wa miaka kumi na minane, kwa sababu msichana huyo hakuwahi kupewa siku yake. Sketi fupi, rangi kali, kope ndefu. Ninamwelewa kila anayefanya hivyo, na ndani ya nyumba yake ana haki ya kila inchi ya sketi ile fupi. Anayetaka kutoka nje na kupita kama mwanamke wa kawaida, huyo awatazame wanawake wa umri wake katika shughuli zao za kawaida. Wamevaa nini mchana? Viatu vyao vina kisigino cha kiasi gani? Wigi nalo ni hivyohivyo. Rangi iliyo karibu na nyusi zako, urefu wa mabegani, na nywele fupi zinazoangukia mbele kuficha paji la uso na mstari wa nywele, hapo umeshapata zaidi ya unachopewa na nywele za kufika kiunoni. Na kumbuka kwamba wigi la nyuzi za kawaida za plastiki halivumilii pasi ya nywele. Linayeyuka.

Viatu vina hesabu yake. Katika vipimo vya Ulaya namba ya kiume na ya kike ni ileile, lakini katika vipimo vya Marekani ya kike huzidi kwa takriban moja na nusu, yaani mwanamume wa 10 atafute 11.5. Mguu wa kiume pia ni mpana, kwa hiyo viatu vilivyochongoka mbele vitakuumiza hata kama urefu ni sawa. Anza na kisigino kinene cha sentimita 5 hivi. Tanguliza kisigino, kisha ncha ya mguu, fupisha hatua, wala usiyakaze magoti. Misuli ya nyuma ya mguu itauma siku za mwanzo. Ngazi zijaribu mapema, nyumbani, ukiwa umeshika ukuta.

Mwendo, kukaa, kuinama, kuokota kitu sakafuni: haya ndiyo ambayo kioo hakiyafundishi kabisa, kwa sababu ukijitazama unajirekebisha. Kilichonisaidia ni kuiegemeza simu kwenye rafu, kuiacha irekodi, na kuendelea na kazi za nyumbani mpaka nisahau kwamba ipo. Nilikunja nguo, nikafagia, nikapanga vitabu. Nilipoitazama video niliona mgongo wa mwanamume anayekaa kwa kujitupa kitini, miguu imeachana, mikono juu ya mapaja. Kukaa ukiwa na sketi kuna utaratibu: unakifikia kiti mpaka kikuguse nyuma ya mguu, unailaza sketi kwa mkono mmoja, unashuka mgongo ukiwa wima na magoti yamekaribiana. Kukieleza kitendo hicho ni sentensi moja. Kukizoea mpaka kije chenyewe huku unaongea na mtu ni kazi ya miezi. Na ukizidisha, ukizungusha nyonga na kukunja viganja kila saa, unaonekana unaigiza. Wanawake wengi hutembea kawaida tu, wanaenda waendako.

Nimeiacha sauti mpaka hapa kwa sababu ndiyo ngumu kuliko yote, na ndiyo inayoathiriwa zaidi na usiri. Pazia linaweza kuficha gauni. Haliwezi kumficha mtu anayefanya mazoezi ya sauti saa nne usiku wakati jirani amelala ukuta wa pili.

Watu hudhani kazi ni kuipandisha tu. Sauti ya mwanamume kwa wastani hutetema kati ya mara 100 na 130 kwa sekunde, ya mwanamke kati ya 180 na 220. Ukijilazimisha kuruka kutoka huku hadi kule unapata ile sauti nyembamba ya puani ambayo hakuna mwanamke anayezungumza nayo, na koo linakauka baada ya dakika chache. Jambo kubwa zaidi ni mwangwi, yaani sauti inavyovuma ndani ya koo na mdomo. Njia ambayo sauti hupita kutoka kwenye nyuzi zake hadi midomoni ina urefu wa sentimita 17 hivi kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke, na njia fupi hutoa sauti angavu zaidi hata ikiwa idadi ya mitetemo ni ileile. Ndiyo sababu kuna wanawake wenye sauti nzito ambao huwezi kuwadhania kuwa wanaume kwenye simu.

Zoezi la kuanzia halihitaji sauti hata kidogo, na kwa anayejificha hiyo ni rehema. Hema kwa mdomo wazi kama mbwa mkubwa, kisha kama mbwa mdogo. Utasikia nafasi ya kooni inabadilika, na ukiweka kidole kwenye kikoromeo utakihisi kinapanda kama unavyomeza mate. Jifunze kukishikilia pale juu bila kukaza shingo. Baadaye ongeza mnong'ono, baadaye sauti ndogo, baadaye neno, baadaye sentensi. Jirekodi kila mara, kwa sababu sauti unayoisikia kichwani mwako si ile wanayoisikia wengine. Koo likiuma, acha hadi kesho. Mimi mahali pangu palikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, nikisoma kwa sauti chochote kilichokuwa mkononi. Nami niseme wazi kwa wanaotegemea dawa: nyuzi za sauti zilizonenepa wakati wa kubalehe hazirudi kuwa nyembamba kwa homoni za kike. Hapo ni mazoezi, au mtaalamu wa tiba ya sauti, au upasuaji.

Kisha inakuja siku ya kutoka nje. Hofu yake siwezi kuipunguza kwa maneno, ila kuna jambo lililonisaidia. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walivishwa fulana yenye picha ya kuwatia haya, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo. Watu wako kwenye mawazo yao. Kinachowaamsha ni kile kisicholingana na mahali, kama gauni la usiku saa sita mchana, au mtu anayetembea ameinamisha kichwa kama anayefukuzwa.

Lakini wapo watakaokutambua, na si wote ni wema. Kabla ya chochote, jua sheria ya mahali ulipo. Huko Guyana, sheria ya mwaka 1893 iliyomkataza mwanamume kuvaa nguo za kike hadharani kwa nia mbaya, bila kueleza nia hiyo ni ipi, ilitumika kuwakamata watu hadi karne hii. Ni mwaka 2018 tu ndipo Mahakama ya Haki ya Karibi ilipoifuta. Penye sheria kama hizo, kubaki ndani ni busara na hakuna anayepaswa kukuonea aibu. Penye usalama, nenda na mtu wa kwanza mnayeaminiana, panga usafiri wa kurudi kabla ya kuondoka, vaa viatu unavyoweza kukimbia navyo, na ujue mapema utakwenda choo gani.

Mtu huyo wa kwanza ndiye ninayemfikiria sana. Miaka ya 1950 na 1960, katika milima ya Catskill jimbo la New York, kulikuwa na nyumba za mapumziko zilizokuja kujulikana kwa jina la Casa Susanna. Wanaume, wengi wao wakiwa na wake na kazi za heshima, walikwenda huko mwisho wa wiki kuvaa, kupika, kucheza karata na kupigana picha. Mwenyeji wao alijiita Susanna Valenti, na mkewe Marie alikuwa na duka la mawigi mjini New York. Picha zao ziliokotwa miaka mingi baadaye kwenye soko la vitu vikuukuu huko Manhattan, zikachapishwa mwaka 2005. Nimezitazama mara nyingi. Kinachonigusa ni kwamba hawajapamba kupita kiasi. Wameketi kwenye viti vya bustani, sketi zimefika chini ya goti, mkoba mapajani. Mtu aliwaambia. Walikuwa na Marie, na walikuwa wao kwa wao.

Mke wangu anajua. Nilimweleza nikiwa nimevaa kama anavyonijua siku zote, kwa sababu niliona si haki akutane na jambo zito na sura ngeni kwa wakati mmoja. Aliuliza kama nawapenda wanaume, akauliza kama nataka kuondoka, na nilijibu yote mawili kwa ukweli kwamba hapana. Masharti yake ni mawili: fedha za nyumba zisiguswe bila yeye kujua, na asilazimishwe kuona. Nayaheshimu. Wapo wake wanaofika mahali pa kumchagulia mume blauzi, na wapo wanaoondoka, na yeyote anayekuhakikishia mkeo atakuwa upande gani hamjui mkeo.

Limebaki la kutupa vitu. Karibu kila mtu ninayemfahamu mwenye hali hii amewahi kuamka siku moja amejaa aibu, akakusanya nguo, viatu, wigi, vipodozi, akavitupa vyote na kuapa kwamba imekwisha. Haiishi. Inarudi baada ya miezi au miaka, naye anaanza upya na namba za viatu asizozikumbuka na konsila ya rangi nyingine. Aibu ile huja kwa nguvu zaidi kwa aliye peke yake, maana hana wa kumwambia. Hamu hiyo ikinijia siku hizi nafunga kila kitu ndani ya sanduku na kulipeleka kwa dada yangu. Haniulizi kitu. Analiweka juu ya kabati lake, na makubaliano yetu ni kwamba hakitupwi chochote kabla ya mwezi kupita.